Kumsimulia Mfalme Pellinore barazani

Anza na tumbo. Mara ya kwanza mimi nilianza na ukoo wa huyu mfalme wa hekaya za kale za Mfalme Arthur wa Uingereza: Pellinore baba yake Lamorak, baba yake Percival, baba yake Tor… Sijamaliza, wajukuu wawili wamelala mkekani na wa tatu keshakwenda kumchokoza punda.

Wakishaitikia "Pakawa!", waambie kuna mnyama ana kichwa cha nyoka, kiwiliwili cha chui, matako ya simba, miguu ya kulungu. Usiyamwage kwa pamoja. Kila mtoto mpe kiungo chake akiigize. Tumboni mwa mnyama huyo mnabweka jozi 30 za mbwa wa kuwinda. Mimi hutia mdomo kwenye mtungi mtupu nikabweka. Uwe wa udongo. Ndoo ya plastiki nimeijaribu, inatoa sauti ya mtu mwenye mafua.

Utamu uko hapa: mnyama akiinama kunywa maji, tumbo hunyamaza. Nawe nyamaza. Hesabu kumi moyoni, mpaka wasikie makuti ya jirani yakipigwa na upepo. Kisha bweka ghafla!

Sasa mlete Pellinore kwa miguu, farasi wake kafa kwa kukimbizwa mwaka mzima nyuma ya mnyama huyo. Anamkuta Arthur kijana ameketi penye chemchemi, anamwomba farasi, anamparamia kabla hajakubaliwa, huyoo. Mpe pumzi za mtu aliyeona boti ya Mokowe inang'oa. Farasi usimgeuze punda. Watoto watacheka hadi hadithi ife.

Pambano lao lipite haraka: upanga wa Arthur ulivunjika, mchawi Merlin akamlaza Pellinore kwa uchawi, ndipo Arthur akaenda kupewa upanga mpya, Excalibur. Wakiuliza Pellinore aliuawa na nani, ni Gawain, akilipiza kisasi cha baba yake, Mfalme Lot. Waliolelewa na habari za Fumo Liyongo na sindano ya shaba hawashtuki.

Lililomo katika kitabu cha Thomas Malory, kilichochapwa 1485, na ambalo mimi huliweka mpaka wadogo walale, ni la msichana wa kisimani. Amempakata mpiganaji aliyejeruhiwa, anaita msaada. Pellinore ametumwa, ana haraka, hasimami. Anaporudi wanyama wamekwisha kuwala. Kimebaki kichwa cha msichana. Baadaye Merlin anamwambia: yule alikuwa binti yako.

Ukifika hapo mtungi uwe chini zamani. Usibweke tena usiku huo, hata wakikuomba.