Sanduku la ami: namna ya kuhifadhi makaratasi ya kupigania mazingira

Ukiletewa sanduku la makaratasi, mkono utakuwasha kuyapanga. Uzuie. Mimi sikuuzuia, na hasara yake naijua.

Nilikuwa karani wa kikundi chetu kidogo hapa Lamu miaka ile ya kupinga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilikipa leseni mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kesi za mazingira, NET, likaifuta. Furaha ilipopoa, watu wakaanza kuniletea walichonacho, maana daftari la mahudhurio lilikuwa kwangu na wakaniona ndiye mwenye kabati.

Ami mmoja wa mtaani kwetu akaja na sanduku la bati. Nikakaa nalo jioni nzima. Barua nikaweka huku, picha huku, risiti kule, kila fungu kwa tarehe yake. Nikajiona hodari. Siku ya tatu akapita kuniuliza, "Mwanangu, kile cheti changu cha mikoko umekiweka wapi?" Nikakitoa kwenye fungu la risiti, kati ya risiti ya mafuta ya boti na ya saruji. Kilikuwa kibali cha kukata mikoko cha kabla ya mwaka 1982, serikali ilipopiga marufuku kuuza miti hiyo nje. Kimeandikwa korja, yaani miti ishirini ishirini, za boriti na za mazio yaliyo membamba kuliko boriti. Yeye alikuwa amekikunja akakitia ndani ya nakala ya lile ombi la kupinga makaa, kwa makusudi. "Mimi mikoko hii nimeikata kabla hujazaliwa. Ndiyo maana nikatia sahihi." Karatasi mbili zile zilikuwa zikisema jambo moja, nami nikazitenganisha.

Kwa hiyo anza hivi. Funua sanduku, piga picha kabla hujagusa kitu. Kisha toa bunda moja moja kama lilivyo, na kamba yake, na kilichokunjwa ndani yake. Kwenye daftari andika nani alilileta, lini, alilitunza wapi, na yeye mwenyewe anasema ni nini. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, usiyasanifishe. Halafu ipe kila karatasi namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni chini: S1/B2/11, yaani sanduku la kwanza, bunda la pili, karatasi ya kumi na moja. Wino usiutie kabisa. Ukishapata namba, hata upepo wa kusi ukiingia dirishani ukatawanya kila kitu, utajua kila karatasi irudi wapi. Baada ya hapo ukitaka kupanga kwa tarehe au kwa mada, panga kwenye orodha, makaratasi yenyewe yabaki na majirani zao.

Usafi. Huku kwetu adui ni chumvi ya hewani, unyevu na mchwa. Pini na klipu zikishaota kutu hula karatasi, zitoe taratibu na badala yake kunja karatasi nyeupe safi iwe bahasha. Mipira ya kufungia, tupa. Selotepu usibandike hata palipochanika, inageuka manjano na kuacha gundi. Kutia karatasi plastiki ya moto mashineni ndiko kosa ninaloliona kila mahali, watu wakidhani wameihifadhi. Wameifunga jela ya maisha. Risiti za mashine, zile nyepesi zinazoteleza, zipige picha leo hii, kwani maandishi yake yanafifia mpaka unabaki na kikaratasi kitupu.

Ukiona vumbi la wadudu, tafuta mwenye friza la samaki. Funga makaratasi makavu kwa nailoni nzito matabaka mawili (mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, mimi hutumia ile inayofunika godoro jipya), yakae wiki mbili kwa baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiyatoa, usifungue mpaka kesho yake, la sivyo yatatoka jasho. Picha na kaseti zisiingie friza. Na mwambie mwenye friza ni kitu gani, wangu alitaka kujua kama ni uchawi.

Tarehe nazo zina mambo yake. Wazee wetu huandika "mwezi 12 Mfungo Sita", yaani siku ya 12 ya mwezi wa sita baada ya Ramadhani, na wewe mjukuu wa shule utataka kugeuza iwe ya Kizungu. Andika kwanza kama ilivyo, kisha tia ya pili kwenye mabano ya mraba, na kama una shaka weka alama ya kuuliza. Saa pia: "saa nne" ya mwenyekiti wetu ilikuwa saa nne yetu, lakini karani mgeni aliiandika 4.00. Nimewahi kuwa na kikao kimoja chenye saa mbili tofauti na watu walewale.

Sasa karatasi ya mahudhurio, ambayo wengi huitupa kwa kuona ni majina tu. Chukua moja uiangalie vizuri. Yangu ina safu nne: jina, kijiji, namba ya kitambulisho, sahihi. Mistari ya mwanzo kila mtu ana mwandiko wake. Kuanzia wa kumi na tisa, majina sita yana mwandiko mmoja, na mbele yake vidole gumba vya wino wa zambarau. Huenda karani aliwaandikia wasiojua kuandika. Huenda si hivyo. Wewe usiamue, andika tu unachokiona. Juu kuna tarehe, na hiyo tarehe ina uzito kuliko unavyodhani. Katika kesi ya Kwasasi jopo liliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mikutano iliyotangulia ilikuwa ya kuutambulisha mradi, si ya kuwasikiza watu juu ya ripoti ya athari zake kwa mazingira. Baraza lililokaa kabla ya ripoti na lililokaa baada yake si kitu kimoja, hata kama waliohudhuria ni walewale na soda ni ileile. Karatasi isiyo na tarehe haiwezi kukwambia lilikuwa lipi.

Ila hizo namba za vitambulisho na za simu zisiende mtandaoni. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata isingekuwepo, jirani yako hakutia kidole ili namba yake izagae. Nakala ya kuonyesha watu ifunike safu hiyo. Ya asili usiifute wala usiipake kitu.

Nusu ya mapambano yetu ilikuwa kwenye simu. Picha iliyopita WhatsApp imeminywa na imepoteza tarehe yake, kwa hiyo muombe aliyepiga akutumie ya asili kama faili. Mazungumzo ya kundi yahamishe pamoja na sauti zake kabla mwenye simu hajaiuza, na uwaombe ruhusa wanakundi kwanza. Faili zipe majina yanayojipanga yenyewe: mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na kitu. Ule uamuzi mimi nimeuita 2019-06-26_NET_uamuzi. Weka nakala tatu, na mojawapo isikae kisiwani.

Yaliyopungua yaombe. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, taja waraka kwa jina, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa itie sandukuni nayo. Niliwahi kuandikia ofisi moja mara tatu bila jibu, na hizo nakala tatu sasa ni B7. Hukumu za mahakama zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ya kale zaidi, vibali vya msitu na barua za wakoloni, yatafute hifadhi ya nyaraka ya taifa, Moi Avenue, Nairobi. Faili za serikali kwa kawaida hufunguliwa zikishatimiza miaka 30, basi usiende ukitarajia za juzi.

Sanduku la ami nililirudisha, kwani hakunipa, aliniazima. Nilibaki na picha za kila ukurasa na karatasi ya makubaliano aliyoitia sahihi. Kile cheti nilikikunja palepale kilipokuwa, ndani ya ombi. Alikifungua, akakigeuza, akaiona S1/B2/11, akaniuliza ni nani aliyemchorea cheti chake.