Kabla ya Kumvika Mtu Mwenye Usonji Nguo ya Kubana: Mambo ya Kuzingatia

Nguo ya kubana ni fulana au kizibao kinachoukandamiza mwili, kwa mbano au kwa uzito, ili kumtuliza mvaaji mwenye usonji (autism). Kabla hujauliza saizi, uliza nani atakayeivua. Kama mvaaji hawezi kuivua mwenyewe, na pia hana njia ya kusema "imetosha" kwa neno, ishara, picha au kwa kuvuta tu ukosi, basi hamjawa tayari kununua. Tafuteni kwanza njia hiyo, izoeeni kwenye mambo madogo ya kila siku, kisha ndipo mfikirie kizibao.

Nalianza na hilo kwa sababu ndilo lililoanzisha habari yenyewe. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya mifugo, alikuwa msichana aliyetamani kukumbatiwa lakini akikumbatiwa analemewa. Kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona aliona ng'ombe wakiingizwa katika kizuizi cha kuwabana ili wapate chanjo, na baadhi yao wakatulia. Naye akaomba kuingia. Alipokuwa na miaka 18 alijitengenezea mashine yake ya kujibana, na kiasi cha kubana alikiongoza yeye mwenyewe. Mwaka 1992 aliandika makala ya kitaalamu kuhusu jinsi mgandamizo wa kina unavyotuliza. Nguo nyingi za leo zinafuata wazo hilohilo, ila wanaoziuza mara nyingi huisahau ile sehemu ya kwamba usukani ulikuwa mkononi mwa aliyebanwa.

Mguso mwepesi, kama unywele shingoni au mkono unaopapasa bega, huuweka mwili macho. Mgandamizo thabiti uliosambaa kifuani, mgongoni na mabegani huwatuliza watu wengi, wenye usonji na wasio na usonji. Huwatuliza wengi, si wote. Wapo wenye usonji ambao kubanwa kokote kwao ni mateso, na kwa hao hakuna cha kuzoesha.

Kwa hiyo jaribuni bila gharama kwanza. Fulana ya michezo inayoshika mwili, ikivaliwa chini ya nguo za kawaida, itakuonyesha mengi. Vilevile mto mzito mapajani, au kujibana mwenyewe kati ya mito miwili ya kochi, kichwa kikiwa wazi. Angalia kama anarudia kwa hiari yake kesho yake. Mtu anayeifuata ile fulana kabatini amekwisha kukujibu.

Hapa pana mtego ambao wazazi na walimu wengi hunaswa nao: ukimya huonekana kama utulivu. Mtu aliyezidiwa na kelele na mwanga anaweza kunyamaza kabisa, macho yakakodoa, mwili ukakaza, na waliomzunguka wakasema nguo imefanya kazi. Utulivu una dalili zake: mabega hushuka, pumzi hurefuka, mikono hulegea, mtu hurudi kwenye jambo alilokuwa akilifanya au akakujibu kwa namna yake. Kabla ya kuanza, andikeni mnataka kipi kibadilike. "Atulie" halitoshi. "Aweze kukaa kwenye basi hadi mwisho wa safari bila kujiuma mkono" linapimika.

Na matarajio yawe ya kiasi. Mapitio ya tafiti za vizibao vyenye uzito yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakupata ushahidi wa kuwafanya wataalamu wavipendekeze kwa watoto wenye usonji. Jaribio la mablanketi mazito lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 liliona kwamba watoto hawakulala muda mrefu zaidi, ingawa wao na wazazi wao waliyapenda kuliko yale ya kawaida. Mimi nalichukulia hivi: faraja ya mtu ni sababu halali ya kuvaa nguo, lakini si sababu ya kumlipa mtu anayedai inaponya usonji.

Kuna aina tatu kuu. Nguo za kubana za kitambaa kinachovutika huvaliwa ndani, hazionekani, na zinafaa kwa anayeona haya kutazamwa. Kasoro yake ni kwamba huwezi kupunguza mbano bila kuvua. Vizibao vya kujaza hewa kwa pampu ya mkono humpa mvaaji uwezo wa kuongeza na kupunguza, ndiyo maana mimi huvipa nafasi ya kwanza kwa anayeweza kuiendesha pampu. Vizibao vyenye uzito hubeba vipande vizito mifukoni. Kwa hivi husemwa uzito uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa mwili, yaani kilo 1.5 hadi 3 kwa mtoto wa kilo 30. Kanuni hiyo imetokana na mazoea zaidi kuliko vipimo, basi anzeni chini.

Zungumzeni na daktari kwanza kama kuna pumu au tatizo jingine la kupumua, ugonjwa wa moyo, kifafa, matatizo ya mzunguko wa damu, uti wa mgongo uliopinda au ngozi yenye vidonda. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku, akipatikana, yeye ndiye wa kupima saizi. Mwenye homa asivalishwe, na siku ya joto kali nguo ibaki kabatini, kwani watu wengi wenye usonji huchelewa kuhisi kwamba wamepata joto au kiu. Asilale nayo. Vidole vikibadilika rangi, ganzi ikiingia, au alama za kubanwa zikikawia kuondoka kwenye ngozi, ivuliwe papo hapo. Tahadhari hizi si za kutishana: mwaka 2008, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mtoto wa miaka 9 mwenye usonji alifariki baada ya kuviringishwa katika blanketi zito shuleni. Kumfunga mtu asiweze kujitoa ni kumdhibiti, hata ukiiita tiba.

Kisha kuna mambo madogo yanayoharibu kila kitu. Lebo shingoni ikatwe. Mishono ikikwaruza, nguo igeuzwe nje ndani. Ifueni mara kadhaa kabla ya kuivaa ili harufu ya upya iishe, kwa sabuni aliyoizoea. Velkro, ule utepe wa kunasa, ikibanduliwa hutoa mlio mkali unaoweza kumlemea hadi alipuke mtu yuleyule mliyetaka kumtuliza. Zipu ni afadhali. Na choo je? Fulana iliyoungana na suruali ni tabu kwa mwenye haraka.

Ivaliwe kabla ya dhoruba. Kama gwaride, hospitali au mkusanyiko ndio huwa unamlemea, avae dakika chache kabla ya kufika, akae nayo kama dakika 15 au 20, kisha avue apumzike. Ikikaa mwilini siku nzima, mwili huizoea na hisia hufifia. Akishalipuka, usimvalishe kwa nguvu: punguza mwanga, kelele na watu, na nguo iwe karibu aichukue akitaka. Hata hivyo, kama chumba kina kelele zisizovumilika, mtoe chumbani. Kizibao kisitumike kumfanya avumilie mahali ambapo angepaswa kuruhusiwa kuondoka.

Shuleni au kazini, makubaliano yawe ya maandishi: nani anaruhusiwa kumsaidia, kwa muda gani, dalili zipi ni za kuvua. Ongezeni mstari mmoja kwamba nguo hiyo haitatumika kama zawadi wala kunyang'anywa kama adhabu. Kwa safari ya ndege, mwambieni mkaguzi mapema, maana vipande vizito na pampu huonekana kwenye mashine na huenda mvaaji akatakiwa kuvua akiwa kwenye foleni, mahali pabaya kuliko pote pa kuvua. Kwa mtoto anayekua, pimeni upya kila baada ya miezi michache. Nguo iliyokuwa ikimkumbatia mwanzoni mwa mwaka inaweza kuwa inamkaba kabla mwaka haujaisha.