Mwandishi wa kujitegemea, kagua chumba saa zako za kazi

Ukihamia mji mpya na uandishi ndio unaokulisha, usilipe kodi ya miezi mingi kabla hujakaa ndani ya chumba chenyewe saa zile unazoandika. Nyumba nyingi huonyeshwa mchana, mtaa ukiwa umetulia. Wewe unayeandika usiku, nenda usiku. Sikiliza kama kuna baa, jenereta au karakana jirani. Kelele ya mara moja huvumilika, lakini muziki wa kila wikendi hadi alfajiri utakula makala zako.

Ukiwa humo, pima intaneti kwa simu yako. Tazama kasi ya kupakia pia, si ya kupakua tu, maana kwenye mahojiano ya video sauti na picha yako hupita huko.

Halafu kuna tofauti ya saa, jambo ambalo kwa kweli hupuuzwa mno. Mhariri akitaka kazi "Ijumaa saa sita usiku", muulize ni saa za wapi, naye akujibu kwa maandishi. Ukiwa umesogea mashariki yake, unapata asubuhi tulivu ya kuandika kabla hajaamka. Ukisogea magharibi, ujumbe wake wa asubuhi utakukuta umelala, kwa hiyo mwambie mapema saa unazopatikana.

Anwani kwenye ankara ibadilishe mara moja. Na kama umevuka mpaka, ulizia kodi ya mapato mapema: nchi nyingi hutumia kipimo cha siku 183 za kukaa huko kuamua kama wewe ni mkaazi wa kulipa kodi.