Namna ya Kufuatilia Utumishi wa Baharia wa Vita Kuu ya Pili

Anayetaka kujua babu yake alitumikia wapi katika jeshi la wanamaji la Uingereza aanze na hati ya utumishi, ambayo huorodhesha kila kituo pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Hati hizo zilikuwa mikononi mwa Wizara ya Ulinzi, na tangu 2022 zimekuwa zikihamishiwa Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London.

Kabla ya kuiagiza, pekua vitu vilivyobaki nyumbani. Namba ya utumishi inayoanza na LT humhusisha mwenyewe na Lowestoft, makao ya kikosi cha doria kilichoendesha meli nyingi za uvuvi zilizogeuzwa kuwa za kuondoa mabomu ya baharini au kusindikiza misafara ya meli. Beji ndogo ya fedha yenye samaki papa aliyedungwa, nyuma yake wavu ulionasa mabomu mawili, ni ushahidi mzuri zaidi, kwani ilivaliwa na watu wa kikosi hicho peke yao.

Wengi hupotea wanapoisoma hati yenyewe, kwa sababu jina lililoandikwa mara nyingi ni la kambi ya nchi kavu iliyoshughulikia mishahara na karatasi za mabaharia wa vyombo vidogo. Kambi hizo zilipewa majina kama ya meli, yakitanguliwa na HMS, yaani "Meli ya Mfalme". HMS Europa ilikuwa bustani ya Sparrow's Nest mjini Lowestoft. HMS Tana ilikuwa kambi ya Kilindini, Mombasa. Jina la chombo chenyewe, likiwapo, hufuata ndani ya mabano, na aghalabu limefifia.

Ukishalipata, usitegemee sana madaftari ya safari, maana ya meli ndogo za miaka ile mengi hayakutunzwa. Tafuta ripoti za misafara katika mfululizo wa ADM 199, yaani majalada ya wizara ya wanamaji yaliyoko Hifadhi ya Taifa, ukiongozwa na herufi za msafara: HX hapo awali ulitoka Halifax, Kanada, kwenda Uingereza, PQ ulielekea Urusi, KR ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Kwa mfano, KR 8 uliondoka Mombasa tarehe 5 Februari 1944, na siku saba baadaye, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya kubebea askari Khedive Ismail, wakafa watu wapatao 1,300, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Manowari Petard na Paladin ziliizamisha nyambizi hiyo. Kwa hiyo hati inayomweka baharia ndani ya Petard siku hiyo inamweka katika mapambano hayo.

Ripoti ya kamanda wa wasindikizaji isomwe sambamba na ile ya komodoo wa msafara, yaani msimamizi wa meli zilizosindikizwa, kwa kuwa kila mmoja aliandika aliyoyaona kutoka meli yake, na saa zao hazilingani kila mara.