Pikapu inapiga kelele injini ikiwaka huku imesimama? Anza na oili, kisha mkanda

Jamani kabla hujakubali kufungua injini, kwanza cheki oili, ikiwa chini tapeti (vidude vinavyosukuma vali) zinaweza kugonga. Ikiwa level iko sawa zima gari, toa fenibelti (ule mkanda wa mbele ya injini), washa tena sekunde kama 20 hivi usizidishe maana wota pampu, inayosukuma maji ya kupoza injini, nayo inaweza kuwa haizunguki. Kelele ikipotea basi shida iko nje ya injini, zima gari halafu zungusha kwa mkono puli ya alteneta, ya tenshena (kile kinachokaza mkanda) na ya wota pampu, ile inayokwaruza au kucheza ndo beringi imekufa, badilisha hiyo tu. Ikibaki tik tik injini ikiwa baridi halafu inapungua injini ikipata moto, angalia gasketi ya egzosi (inayoziba pale bomba la moshi linapoungana na injini), mi huwa naanzia hapo.