Kuifungia kompyuta mashine ya milingi ya zamani, hatua kwa hatua

Mashine ya milingi, yaani ile inayochonga chuma kwa kikatio kinachozunguka, ikiwa na chuma kizito haizeeki haraka. Kinachozeeka ni skrubu zinazosogeza meza, beringi na swichi zake, na vyote hivyo vinabadilishika. Kazi hii yenyewe si ngeni: mwaka 1952 MIT ilipoonyesha kwa mara ya kwanza mashine ya milingi inayoongozwa kwa namba, ilikuwa Cincinnati Hydro-Tel ya kawaida iliyobadilishwa ili iongozwe na vidhibiti vipya. CNC, yaani kuongoza mashine kwa namba kupitia kompyuta, ilizaliwa kwenye mashine ya zamani.

Mimi niliharibu kazi yangu ya kwanza kwa sababu nilianza kwa kununua mota. Nilifunga kila kitu, nikawasha, meza ikatembea vizuri kabisa, nikafurahi. Halafu nikachonga duara, likatoka kama yai. Nilifungua mashine yote upya. Tangu hapo sinunui hata waya kabla ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima chuma

Chukua geji ya saa yenye kitako cha sumaku. Ibandike kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse kipande kilichobanwa mezani. Zungusha mkono wa meza upande mmoja mpaka mshale utembee, kisha simama. Sasa rudisha mkono taratibu huku ukisoma namba za ringi yake. Kiasi unachozungusha kabla mshale haujaanza kurudi ndicho mchezo, yaani ulegevu, wa mhimili huo (mwelekeo mmoja wa mwendo: X na Y ni wa meza kwa mlalo, Z ni wa juu na chini). Rudia katikati ya meza na kwenye ncha zote mbili, kwa sababu skrubu huliwa zaidi pale ilipofanya kazi zaidi.

Usiilaumu nati mapema. Sukuma meza kwa mikono huku geji nyingine ikiwa kwenye ncha ya skrubu. Skrubu ikienda mbele na nyuma pamoja na meza, tatizo liko kwenye beringi zinazobeba msukumo, na pengine ni nati tu ya kufungia iliyolegea. Nimeona watu wakitupa skrubu nzima kwa kosa la beringi.

Baada ya hapo angalia njia ambazo meza huteleza. Kaza kabari zinazobana meza kwenye njia zake meza ikiwa katikati, mpaka itembee bila kutikisika, kisha ipeleke mwisho wa njia. Ikikwama huko, ujue katikati pamelika. Hapo una njia mbili: njia zikwanguliwe upya na fundi anayeijua kazi hiyo, au ukubali kufanyia kazi eneo dogo la meza. Hakuna programu itakayonyoosha njia iliyolika.

Hatua ya 2: Skrubu ya gololi

Hapa ndipo watu hubana matumizi, na hapa ndipo wanapojutia. Wengi husema mchezo utafidiwa na kompyuta. Ni kweli kompyuta inaweza kuongeza mwendo kidogo kila mhimili unapogeuka. Lakini kufidia nafasi ni jambo moja, kuishika meza ni jingine. Kikatio kinapokata kikivuta meza kuelekea kule inakokwenda, meza huruka kwa kiasi cha ule mchezo, na kikatio huvunjika kabla hujafikia kitufe.

Skrubu ya gololi, ambayo nati yake hutembea juu ya gololi, ikiwa na nati mbili zilizokazwa moja dhidi ya nyingine, huondoa ulegevu huo. Ncha moja ibebwe na jozi ya beringi za msukumo zilizokazwa vizuri. Ncha ya pili iachwe huru kuelekea urefu wa skrubu, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Wakati wa kufunga, legeza kidogo bolti za nati, sogeza meza karibu na beringi, kaza. Peleka meza mwisho wa pili, legeza, kaza tena, mpaka skrubu izunguke wepesi uleule kote. Na usiitoe nati kwenye skrubu bila bomba la kuipokelea lenye unene wa kiini cha skrubu: gololi zote zitamwagika sakafuni.

Jambo moja la usalama. Skrubu ya zamani yenye meno mapana hujishika yenyewe. Ya gololi haijishiki. Umeme ukikatika, kichwa au goti la mashine (sehemu inayobeba meza) linaweza kushuka kwa uzito wake. Kwenye mhimili wa Z weka mota yenye breki, na kama unaendesha goti zima, ongeza springi za gesi au uzito wa kusawazisha. Usiweke mkono chini ya kikatio eti kwa kuwa mashine imezimwa.

Hatua ya 3: Mota na hesabu yake

Stepa (mota inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo) au savo (mota inayojirekebisha kwa kupimwa ilipo)? Kwa mashine ya wastani stepa inatosha, mradi uheshimu udhaifu wake: nguvu yake hupungua kadiri inavyozunguka haraka. Savo hushikilia nguvu kwenye kasi, na enkoda yake, yaani kipimo cha mzunguko, huiambia draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) mota ilipo hasa.

Stepa ya nyuzi 1.8 huenda hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikigawa kila hatua mara 8, unapata 1600. Ukifunga mkanda wa meno wa 2 kwa 1, skrubu inahitaji hatua 3200 kwa mzunguko, na kama skrubu husogeza milimita 5, hiyo ni hatua 640 kwa milimita. Andika namba hii, utaihitaji kwenye kompyuta.

Sasa geuza hesabu. Ukitaka mwendo wa milimita 3000 kwa dakika, skrubu izunguke mara 600 na mota mara 1200, na hapo stepa nyingi kubwa zimeshaishiwa nguvu. Mkanda unakupa nguvu na kukunyima kasi. Mimi huchagua nguvu.

Volti za pawa saplai nazo zina kanuni ya mafundi: 32 mara kipeuo cha pili cha indaktansi ya mota kwa milihenri. Mota ya milihenri 4 inataka kama volti 64. Hakikisha draiva inazimudu.

Hatua ya 4: Umeme

Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota na wa spindeli (shafti inayozungusha kikatio) moja kwa moja. Kompyuta ibaki inawaka, ila ipewe taarifa. Kitufe hicho na swichi zote za kikomo ziwe za aina inayopitisha umeme wakati wote mpaka ibonyezwe, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe.

Nyaya za ethi zikutane kwenye bolti moja kabatini. Kinga ya waya wa ishara iunganishwe upande wa kabati tu. Inveta ya spindeli, yaani kifaa kinachoongoza kasi yake, hupiga kelele nyingi za umeme, kwa hiyo iweke mbali na nyaya za enkoda. Na usichomoe kamwe waya wa mota wakati draiva ina umeme; draiva hufa papo hapo. Kabla ya kugusa ndani ya inveta, zima, subiri, kisha pima kapasita kwa mita.

Hatua ya 5: Kompyuta

Mimi natumia LinuxCNC, programu ya kuongozea mashine, pamoja na kadi ya nje inayotoa mipigo kupitia waya wa Ethernet. Ni programu huria, na haikufungi kwa muuzaji mmoja. Fanya jaribio lake la ucheleweshaji, linaloonyesha kompyuta huchelewa kiasi gani kujibu, kabla ya kufunga chochote, maana kuna kompyuta zenye kasi kubwa zisizofaa kabisa kwa kazi hii. Ingiza ile 640, weka mipaka ya mihimili, endelea.

Hatua ya 6: Kuipima ikiwa hai

Ongeza kasi ya mhimili mmoja mpaka mota ishindwe, kisha tumia nusu. Fanya vivyo hivyo kwa mchapuko, yaani jinsi kasi inavyopanda upesi. Halafu andika programu fupi ya kwenda na kurudi mara 100, weka geji kwenye sifuri, na uache ikimbie. Mshale usiporudi kwenye sifuri, kuna hatua zinapotea: punguza mchapuko kwanza kabla hujagusa kingine.

Amuru milimita 100 na upime kwa vipande vya kupimia, si kwa rula. Mwisho chonga duara kwenye alumini iliyobanwa kwenye jiliwa, kisha pitisha geji pande zote. Tazama nyuzi 0, 90, 180 na 270, pale mhimili unapogeuza mwelekeo. Ukikuta ngazi ndogo kwenye 0 na 180 tu, mhimili wa X bado una mchezo. Kwenye 90 na 270, ni Y. Rudi kwenye beringi zake na uzikaze. Duara likiwa yai lililolala kwa mshazari, mihimili haiko pembe mraba, na hapo tatizo liko kwenye njia zenyewe.