Uso wa machozi kwenye kundi la msiba

Ndugu zangu wa Kampala na kwingineko Uganda, tuwe makini na emoji, vile vipicha vidogo vya kwenye simu, hasa uso huu 😂 kwenye makundi ya WhatsApp. Una machozi, lakini ni machozi ya kicheko. Juzi kwenye kundi la familia yetu, shangazi yetu wa Arua aliandika "Poleni sana wanangu", akaweka nyuso hizo nne kwa mstari. Alikuwa na uchungu wa kweli. Vijana wakaona anawacheka. Iliniuma sana. Kwenye msiba tumia 😢, au andika pole yako bila picha yoyote, inatosha kabisa. Hata 😭 ina utata: wazazi wanaisoma kama kilio, vijana wengi wanaitumia kwa kicheko cha kuvunja mbavu.

Kwenye biashara, mteja akiuliza "Mzigo unafika kesho?", usimjibu kwa 👍 pekee. Hajui kama umekubali au umeona ujumbe tu. Andika "Ndiyo, saa nne asubuhi", halafu weka dole lako.

Neno emoji lenyewe ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Lakini kila kampuni ya simu au programu huchora nyuso zake, kwa hiyo uliyotuma wewe inaweza kuonekana na sura nyingine kidogo kwa mwenzako, na simu ya zamani huenda ikamwonyesha kisanduku kitupu. Ndiyo maana bei, idadi na saa ziandike kwa maneno na tarakimu, si kwa picha.